Okota Uamuzi, Usiokote Picha: Ninavyotafuta Mawazo ya Kudizaini Mitaani Mbeya

Pale Mwanjelwa palikuwa na kibanda cha kinyozi kilichochorwa kichwa cha kijana kando ya mlango. Kichwa kitupu, bila shingo, kimeishia kidevuni. Nilipita hapo muda mrefu nikiamini aliyekichora hakujua kuchora shingo. Siku moja nikalisema hilo mbele ya fundi wangu, mzee aliyenifundisha kushika brashi. Hakunijibu. Alinipeleka mpaka pale, akaufungua mlango wa kile kibanda hadi mwisho. Ulikuwa mlango wa bati, wa kufungukia nje, na ukingo wake ulifika palepale kidevu kilipoishia.

"Mwanangu," akasema, "shingo ingekwanguliwa kila asubuhi."

Mchoraji alikuwa ameusoma mlango kabla ya kufungua kopo la rangi.

Naandika haya kwa vijana wanaofanya kazi kama yangu: mabango, nembo, vifungashio, fulana, matangazo ya kusambazwa kwenye simu. Swali wanaloniletea ni lilelile: dada, mawazo unayatoa wapi? Wengi wao wameshapekua picha za mtandaoni mpaka chaji ikaisha, na kazi waliyotoka nayo inafanana na ya kila aliyepekua picha hizohizo. Ushauri wangu ni mmoja, na yote yanayofuata ni namna ya kuutekeleza. Ukiona kitu kizuri mtaani, tafuta aliyekitengeneza aliamua nini, kwa sababu gani, halafu ondoka na uamuzi huo. Picha yenyewe mwachie mwenyewe.

Nenda na daftari la hesabu

Nunua daftari la viboksi, lile la hesabu la watoto wa shule ya msingi, pamoja na penseli na kalamu moja nene. Kwa nini viboksi, nitaeleza nikifika kwenye vikapu.

Mimi hutoka Jumamosi mapema, na miezi ninayoipenda ni Juni na Julai, baridi ikiwa imeshika kweli. Huenda Uyole, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na ile kubwa itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma. Asubuhi za ukungu ndizo bora kuliko zote. Simama mahali pamoja, uandike bango lipi linajitokeza la kwanza ukungu unapoanza kuachia, lipi la pili, lipi halijitokezi mpaka ulifikie. Nimefanya hivyo mara nyingi, na majibu hayabadiliki sana. Herufi nyembamba hupotea kwanza na kurudi mwisho. Nyekundu juu ya bluu iliyokolea, ambayo ukiwa karibu inawaka, kwa mbali inakuwa doa moja, kwa sababu rangi hizo mbili zinakaribiana kwa mwanga wake. Njano juu ya nyeusi hufika mapema.

Unaweza kuujaribu ukungu huo ukiwa umekaa chumbani. Chukua kazi yako, igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu, halafu ipunguze iwe ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Maandishi yakizama hapo, barabarani yatazama pia.

Ukiwa Uyole usiyaache malori ya Zambia na Kongo yapite bure. Aliyeandika nyuma ya lori alipewa milango miwili, bawaba, taa, na makomeo marefu ya chuma yaliyosimama wima. Hakuchagua hata kimoja. Niliwahi kuona neno la herufi sita limegawanywa tatu kwa tatu, komeo likapita katikati kana kwamba liliwekwa kwa ajili ya neno lile. Niliandika kwenye daftari: "Kizuizi kimegeuzwa nafasi." Miezi kadhaa baadaye nilitengeneza kifungashio cha unga ambacho mshono wake ulipita katikati ya jina la bidhaa, na mteja alikuwa ameshataka tupunguze maandishi tuyasogeze kando. Nilifungua ukurasa ule wa lori, tukaligawa jina kushoto na kulia kwa mshono. Kifungashio hicho hakina lori hata kidogo, lakini kimetoka kwenye lori.

Kwa kila kitu unachosimama kukitazama, jiulize mambo matatu na uyajibu kwa kuandika. Kwa nini kiko hapa? Kwa nini kina ukubwa huu? Nini kimeachwa? Swali la tatu ndilo zito, kwa kuwa kilichoachwa hakionekani. Ile shingo ya kinyozi ilinichukua muda wote ule kwa sababu hiyo.

Chora kwanza, piga picha baadaye

Simu hubeba kila kitu kwa mpigo mmoja, na kwa sababu imebeba kila kitu wewe hujachagua chochote. Ukichora kwa mkono unalazimika kuamua mstari upi uanze na upi usijisumbue nao. Hata mchoro mbaya unakufundisha kuliko picha nzuri mia mbili zilizolala kwenye simu bila kufunguliwa tena.

Kisha kuna adabu. Usiinue simu mbele ya kibanda cha mtu kabla ya salamu. Aliyekuzidi mpe shikamoo yake. Iringa anza na "kamwene". Tukuyu usiondoke bila "ndaga", yaani asante. Kama anauza kitu, nunua. Halafu uliza swali moja tu: nani alikuchorea? Mara nyingi nimetoka hapo na namba ya fundi, na fundi akanieleza mambo ambayo ukuta peke yake usingenieleza: kwamba rangi ilibaki nusu kopo, kwamba ukuta ulikuwa na unyevu, kwamba mwenye duka alitaka simba na yeye akamshawishi aweke kikombe. Karibu na polisi, kambi au stesheni, simu ibaki mfukoni mpaka upewe ruhusa.

Ukitaka kuona jinsi mahali panavyoweza kuzaa mtindo mzima, mfikirie mchoraji Keith Haring wa Marekani. Mwaka 1980, kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi za New York, aliona mbao za matangazo zilizokwisha muda wake zikiwa zimefunikwa kwa karatasi nyeusi. Akapanda juu barabarani kununua chaki nyeupe, akarudi kuchora. Aliendelea hivyo mpaka mwaka 1985. Chaki haikumruhusu kupaka vivuli, na polisi hawakumpa muda wa kurekebisha. Vile viumbe vyake vya mstari mmoja mnene, mtoto anayetambaa, mbwa anayebweka, vilitokana na karatasi nyeusi, chaki na haraka. Anayenakili mtoto anayetambaa amechukua picha. Anayejiuliza "hapa kwetu ni uso gani mtupu ambao watu hupita mbele yake kila siku, na ni kifaa gani kinaushika?" amechukua uamuzi.

Na wa kwetu huku kusini, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya mraba vya hadibodi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Ndivyo vilivyopatikana na ndivyo alivyovimudu. Leo watu wanaliiga umbo la chui wake, ila ni wachache wanaokumbuka kwamba mng'ao ule ulitoka kwenye kopo la rangi ya baiskeli.

Zoezi ninalowapa wanaokuja kujifunza kwangu ni hili: rangi mbili, kifaa kimoja, dakika 15, na hakuna kufuta. Kwenye simu zima kabisa kitufe cha kurudi nyuma. Wanalalamika siku ya kwanza. Siku ya tatu mistari yao imeanza kuwa na msimamo.

Msikilize mpiga debe, kisha uitazame ngoma

Watu wanaodizaini huniambia wanatafuta mawazo kwenye vitu vinavyoonekana. Mimi mengi nimeyapata kwa masikio.

Nenda Kabwe saa za jioni, usimame dakika 20 umsikilize mpiga debe mmoja. Mmoja tu, usihame. "Uyole, Uyole, Uyole! Bado wawili!" Anataja mahali, mara tatu, kwa sauti ya juu kuliko yote. Kisha anataja nafasi zilizobaki, mara moja. Jambo la tatu anakwambia ukishafika karibu, kwa sauti ya kawaida, mkono ukiwa mgongoni kwako: nauli, au kwamba mzigo wako utakaa nyuma. Hataji jina la mwenye gari. Hataji rangi ya viti. Ana sauti tatu na kila moja ina umbali wake, na sijaona maelezo bora ya jinsi ya kupanga ukubwa wa maandishi kwenye bango.

Kamati ya kwaya moja iliniletea kazi ya bango la tamasha. Walitaka jina la kwaya, jina la mgeni rasmi, picha za viongozi tisa, mstari wa Biblia, namba tatu za simu, kaulimbiu na kwaya waalikwa. Vyote kwa ukubwa mmoja, kwa sababu hakuna aliyetaka mwenzake aachwe, na hilo naliheshimu. Watu wale walikuwa wamefanya mazoezi kwa miezi. Niliwaomba mwenzao mmoja asimame mlangoni aliite bango lile kama mpiga debe, na sisi wengine tukae mwisho wa ukumbi. Akaita. Tulichosikia ni "Jumapili, saa nane, uwanja wa kanisa." Hayo yakawa ya sauti ya kwanza. Jina la kwaya na wageni yakawa ya sauti ya pili. Viongozi tisa walikaa chini, wote, kwa picha ndogo zinazosomeka ukikaribia.

Ngoma inataka utulivu zaidi. Nilimsindikiza dada yangu ukweni kule Manda, kwenye Ziwa Nyasa, na hapo ndipo nilipouona mganda kwa karibu: mistari ya wanaume, hatua moja, kugeuka kwa pamoja, na vibuyu vinavyovumishwa kwa mdomo vikatoa sauti kama tarumbeta. Mganda ni ndugu wa beni, zile ngoma za kuiga bendi za jeshi la kikoloni ambazo askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza walizieneza bara. Hebu jiulize swali la tatu hapo: nini kimeachwa? Shaba imeachwa. Bunduki zimeachwa. Kilichobaki ni mstari, hatua na kugeuka, na tarumbeta imetafutiwa mwili mwingine shambani. Watu walichukua kitu cha mtawala, wakabakiza walichokihitaji, wakakifanya chao mpaka wajukuu wanakicheza harusini. Kila nikitaka kutumia mtindo uliotoka nje nakumbuka kibuyu kile.

Namna ya kuandika ngoma kwenye daftari: usichore watu. Chora nukta za miguu kama unavyozitazama kutoka juu ya mti, nukta moja kiboksi kimoja. Mzunguko wa kwanza fuata miguu. Wa pili fuata nafasi zilizo wazi kati ya wachezaji. Wa tatu wape mgongo wachezaji kabisa, uwatazame watazamaji wanaangalia wapi. Pale Manda macho yote yalimfuata kiongozi kila alipotoka kwenye mstari. Safu nzima ya watu wanaofanana ilikuwepo ili yeye mmoja aonekane. Nukta zile zimekuwa fulana, zimekuwa jalada la ripoti ya vikoba, na zimekuwa mchoro unaotembea wa sekunde sita kwenye simu: miraba imepangwa, mmoja unageuka.

Kutoka kwenye kikapu hadi kwenye pikseli

Sasa viboksi.

Vikapu vya Iringa husukwa kwa milulu, majani marefu yanayoota penye maji. Sokoni Iringa nilikaa karibu na mama mmoja aliyekuwa anasuka huku anauza, mstari wa rangi ya damu ya mzee ukipanda kikapuni kama ngazi. Nikamwomba anioneshe anavyouchora ule mstari.

"Sichori, mwanangu. Nahesabu."

Alinionesha: mbili juu, moja chini, kisha anasogea hatua moja, mzunguko baada ya mzunguko. Ngazi ile hakuichora popote. Ilijitokeza yenyewe kutoka kwenye hesabu. Nilifungua daftari, nikaanza kujaza viboksi kwa kumfuata, na kufikia safu ya kumi mstari wake ulikuwa mbele yangu kwenye karatasi ya shule ya msingi.

Hivyo ndivyo skrini inavyofanya kazi. Ni viboksi vidogo vidogo, ndizo pikseli, kila kimoja kimepewa rangi. Mdizaini wa Marekani, Susan Kare, alipoitwa kwenda kampuni ya Apple kutengeneza alama za kompyuta ya Macintosh, iliyotoka mwaka 1984, alianzia kwenye daftari la viboksi, 32 kwa 32, yaani viboksi 1,024 kwa kila alama. Kazi ya vigae vya rangi na ya kutarizi kwa sindano alikuwa anaifahamu, na hizo zote ni kazi za kuhesabu. Pikseli hazikumtisha. Nadhani yule mama wa Iringa zisingemtisha pia.

Fanya hivi. Chora mraba wa viboksi 16 kwa 16, jumla 256. Chagua kitu kimoja kutoka kwenye michoro yako ya mtaani na ukijaze kwa penseli, kiboksi kizima au kitupu, hakuna nusu. Utagombana na mviringo. Utaacha mambo mengi. Ukishatosheka, kihamishie kwenye programu. Kwenye kompyuta mimi natumia Inkscape, ambayo ni ya bure, na umbo linalotengenezwa humo linaweza kukuzwa hata lijae ukuta bila kingo kuchakaa. Kwenye simu programu yoyote ya kuchora kwa viboksi itakufaa kwa hatua hii. Hapo ndipo ulainishe kona, kama zinahitaji kulainishwa.

Kikundi cha akina mama wanaolima parachichi Rungwe walinipa kazi ya nembo. Nilianza vibaya, kwa parachichi lenye vivuli na mng'ao, zuri kwenye skrini kubwa. Lakini nembo ile ilikuwa iishi kwenye stika ya sentimita mbili juu ya ganda la tunda, na kwa ukubwa huo ilikuwa uchafu wa kijani. Nilirudi kwenye 16 kwa 16. Jani nikaliondoa. Kikonyo nikakiondoa. Ikabaki nusu ya tunda na kokwa la mviringo katikati, ukingo wake ukipanda kwa ngazi. Mchoro wa kikapu cha yule mama sikuuweka humo. Nilichukua kuhesabu kwake.

Mpaka huo naulinda, na nakuomba nawe uulinde. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kazi za sanaa za asili nazo zimetajwa humo. Lakini hata bila sheria, ukichukua ngazi ya mama mzima mzima ukaiuza kwenye fulana, umemnyang'anya aliyekupa elimu yake bure kwenye kigoda chake. Ukiitaka yenyewe kama ilivyo, mwombe, mtaje, mlipe.

Jambo la rangi nalisema kwa ufupi kwa sababu lilinigharimu. Skrini inawasha mwanga: nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa inapaka wino: samawati, majenta, njano na mweusi. Kijani kinachowaka kwenye simu wino haukifikii. Stika za kwanza za parachichi zilirudi zimefifia kama majani ya chai yaliyokwisha chemshwa, 500, na nikazilipia mwenyewe. Siku hizi nachapisha moja kwanza, kwenye karatasi ileile, naitoa nje juani, ndipo naruhusu zilizobaki.

Irudishe kazi mtaani

Ukiwa Iringa tenga nusu siku uende Igeleke, kwenye michoro ya kale ya mwambani. Rangi ni nyekundu ya udongo, maumbo ni machache. Kaa chini utazame mahali penyewe kabla ya michoro: mwamba umejikunja kwa juu na mvua haifiki ukutani. Jiulize yale maswali matatu, uanze na "kwa nini hapa".

Kazi haijaisha ikiwa kwenye faili. Ipeleke itakapoishi, uivuke barabara, uhesabu hatua mpaka maandishi ya sauti ya pili yapotee, uandike idadi hiyo. Rudi saa sita mchana jua likiwa juu, rudi jioni, rudi ikinyesha. Bango la wale akina mama liko kwenye kituo chao cha kukusanyia matunda, Rungwe, ambako mvua haikosi, na chini ya paa nilikolitundika maji yanarushwa mpaka theluthi ya chini. Kwa hiyo theluthi ile nimeiacha tupu, kijani kitupu. Mtu mmoja aliniuliza kama nilisahau kuandika kitu pale. Nilimpeleka mpaka kwenye ukingo wa paa, nikamwonesha matone yanapodondokea.